Breki Alizozichonga Baba

Harufu ya raba inayoungua ndiyo inayonirudisha utotoni. Najua wenzangu wa visiwani wana harufu za heshima zaidi, mlangilangi, vanila, karafuu iliyoanikwa barazani, na wageni hulipa nauli ya ndege kuja kuzinusa. Yangu mimi ni raba. Ilitoka kwenye breki za baiskeli yetu tulipokuwa tukiteremka kutoka kule juu, barabara inakoanza kupanda kuelekea mlima Karthala, mpaka mtaani kwetu Magoudjou, Moroni. Tulikuwa wawili, mimi na rafiki yangu Idarusi, zamu kwa zamu, mmoja juu ya tandiko na mwingine akikimbia nyuma akipiga kelele kama mbuzi wa arusi aliyekwisha kunusa kisu. Breki zenyewe zilichongwa na baba yangu. Baba alikuwa fundi viatu katika soko la Volo Volo, akitia makubadhi soli za matairi ya lori, na siku moja alichukua vipande vinne vya raba vilivyobaki, akavichonga kwa kisu chake cha mkunjo, akavipiga msasa, akanipa. "Hizi zitawasimamisha," akasema. "Adabu sina raba yake." Fremu na usukani vilikuwa vya Idarusi. Magurudumu na breki vilikuwa vyangu. Mnyororo tuliuokota, kwa hiyo ulikuwa wa Mungu.

Wazo la kuteremka mlima tulilipata kwenye kaseti ya video. Mjomba wake Idarusi anaishi Marseille, ni mmoja wa wale tunaowaita jeviens, wanaorudi likizo na mabegi makubwa kuliko nyumba walizozaliwa, na safari moja alisahau kwao kaseti ya Wazungu wanaojitupa milimani na baiskeli. Tuliitazama sebuleni kwa kina Idarusi mpaka mkanda ukaanza kukwaruza. Maoni yangu kuhusu filamu za namna hiyo hayajabadilika tangu siku ile. Kwanza, hakuna anayepanda. Wote wako juu tayari, wamefikaje hawasemi. Sisi tulisukuma chuma kile saa nzima, jasho mpaka kwenye soksi, tukateremka dakika nne. Pili, hakuna anayeziba pancha. Tatu, mtu akianguka wanamwonyesha mara tatu, polepole, muziki ukipiga, kisha wanaruka kwa mtu mwingine. Hawaonyeshi kesho yake. Wale watu hawana mama. Idarusi yeye alipenda vifaa: kofia ngumu zenye miwani, magamba ya magotini, shokamzoba mbele na nyuma. Tulijitengenezea zetu. Kofia ilikuwa nusu ya mpira wa kikapu uliopasuka, ndani tumetia sponji ya godoro. Magotini tulifunga makumbi ya nazi kwa mipira ya tairi. Shokamzoba tulitia springi ya kiti cha gari chini ya tandiko. Ilimrusha Idarusi mara moja tu, akasalimiana na ukuta, tukaitoa. Kwangu mimi shokamzoba ni za watu wasiojua kukunja magoti. Kitu kimoja tu kwenye baiskeli kina maana, nacho ni breki. Mengine yote ni mapambo ya bibi arusi.

Baiskeli ililala uani kwa Fundi Toibu, mzee aliyetengeneza baiskeli na majiko ya mkaa nyuma ya mtaa wetu. Alizaliwa Mahajanga, Madagaska, akaletwa Moroni kwa ndege pamoja na Wakomoro wenzake walionusurika, baada ya wengine kuuawa kule na nyumba zao kuchomwa. Kaburi la babu yake liko Moroni, na watu bado walimwita mtu wa kuja. Hakuwa mtu wa kucheka ovyo, nami nilikuwa mtoto wa mizaha, basi tulichukiana kwa upendo. Siku moja nilichomoa breki za baba, mahali pake nikapachika vipande vya sabuni ya kufulia, nimevichonga sawasawa na kuvipaka masizi ya sufuria. Ua ule ni tambarare, na Idarusi alikuwa na mazoea ya kuuzunguka mara moja kabla ya kutoka. Alizunguka, akabana breki, akaendelea moja kwa moja mpaka kwenye rundo la mchanga wa kujengea. Aliinuka na mchanga puani, akinitukana kwa kicheko. Fundi Toibu alizitazama zile sabuni. "Mzaha mzaha hutumbua usaha, mwanangu."

"Usaha wa nani, Fundi?"

"Ndiyo shida yake. Mara nyingi si wa mwenye mzaha."

Kisha visiwa vikagombana. Nzuani, kisiwa cha wazazi wangu, kilikuwa kimeshatangaza kujitenga, na kwa muda mrefu jambo hilo kwetu lilikuwa la redioni, kama hali ya hewa ya nchi za watu. Wakubwa wakaenda ng'ambo kupatana, wajumbe wa Nzuani wakarudi bila kutia saini, na Moroni ikakasirika. Kwa kuwa wajumbe walikuwa mbali, iliwakasirikia walio karibu. Vijana walisimama njiani wakisimamisha teksi na kuwauliza abiria wamezaliwa wapi. Pale Volo Volo walipindua meza ya baba. Alirudi nyumbani na kisu chake na kiatu kimoja cha mteja, akamwambia mama kwamba aliyepindua meza alikuwa amevaa makubadhi aliyoyatia soli yeye wiki ile ile. "Soli imeshika vizuri," alisema. Kisha akaanza kukusanya nguo.

Siku ya pili yake mama alinituma mkate. Kichochoroni walikuwa wamekaa kaka yake Idarusi na hirimu lake, yaani vijana wa rika moja ambao huku Ngazija, kisiwa chenye Moroni, hula, hujenga na hugombana pamoja. Idarusi alikuwa katikati yao.

"Mnzuani huyo! Si mmetaka kwenu? Haya, nendeni kwenu," kaka yake akasema.

"Kwetu ni pale penye mlango wa kijani," nikajibu. "Nyuma yako, Kaka, ukigeuka utapaona."

Wawili wakacheka, na wa tatu akanipiga kofi lililonidondosha mkate. Nilimtazama Idarusi. Yeye alikuwa akiitazama miguu yake, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza anaiona.

Sikurudi nyumbani. Nilikwenda uani kwa Fundi Toibu, naye hakuwepo. Magurudumu yalikuwa yangu lakini nisingeweza kuyabeba. Baba alikuwa ameshasema kesho asubuhi tunapanda meli, kila mtu na furushi lake. Breki ningeweza kuzibeba. Nilizichomoa zote nne nikatia mfukoni, na mahali pake nikaweka sabuni iliyopakwa masizi, kama mara ile. Nilijua Idarusi atazunguka uani kwanza na kuishia kwenye mchanga. Nilitaka ale mchanga wa Ngazija mdomo mzima, akumbuke nani alikuwa akimsimamisha. Hilo tu ndilo nililotaka. Mengine katika habari hii ukitaka yacheke, ila hilo naomba uliamini.

Asubuhi kulikuwa na mvua. Bandarini watu walikaa juu ya magodoro yaliyolowa, wanawake wakiwa na sufuria mapajani, na nyuma ya askari kulikuwa na kundi lililotuzomea. Nilikaa juu ya furushi letu nikitazama barabara inayoshuka kutoka mjini. Nilikuwa nimejiambia kwamba Idarusi atakuja. Hata kama angesimama mbali na kuninyooshea kidole cha matusi, ningeridhika. Hakuja. Walipofungua kamba na meli ikaanza kutetemeka nilisema kwa sauti, "Mngazija ni Mngazija." Nilikuwa na miaka kumi na miwili na tayari nilizungumza kama redio.

Mutsamudu, kule Nzuani, tulipokelewa na bibi yangu katika vichochoro vya mji wa kale, na watoto wa huko waliisikia lafudhi yangu wakaniita Mngazija. Nilicheka kwa sababu ilinibidi. Ndipo kisiwa kikawekewa vikwazo, meli zisikiletee bidhaa. Mafuta yakaisha, teksi zikageuka mabanda ya kuku, na watu walipowapeleka wagonjwa hospitali ya Hombo waliwalaza kwenye mikokoteni na kusukuma. Wakati mwingine bunduki zililia, watu wa kisiwa kimoja wakipigana wao kwa wao, maana kujitenga nako kuna utamu wake, mtu hajui pa kuachia. Katika mji huo usio na petroli kila mwenye baiskeli alikuwa sultani. Mimi nilikuwa na breki nne tupu, bora kuliko zote kisiwani, na hazikuwa na cha kusimamisha.

Karibu mwaka ulikuwa umepita mama mmoja mfanyabiashara alipotuletea kaseti kutoka Moroni. Kwetu barua haziandikwi sana; mtu hujirekodi, na kaseti ikifika nyumba nzima hukusanyika, majirani pamoja, kusikiliza salamu. Aliyejirekodi alikuwa Fundi Toibu. Alitumia upande mzima kumsalimu kila aliye hai na kuwarehemu waliokufa, kisha akanitaja mimi: "Upande wa pili ni wa Bakari. Ni habari za baiskeli." Wote wakaondoka kwa uchovu. Nadhani ndicho alichokusudia.

"Rafiki yako yuko hai," ilianza sauti. "Nimelitanguliza hilo. Asubuhi ile aliingia uani mbio, amechelewa, ndugu zake walimfungia chumbani akaruka dirisha. Ile kaseti yenu ya video ilikuwa ndani ya shati. Nikamwambia mvua hii, ngoja. Akasema, 'Naenda bandarini, Fundi, meli haijaondoka.' Hakuzunguka uani. Aliteremka moja kwa moja. Pale kwenye kona ya ukuta wa mawe meusi ndipo nilipomkuta. Goti limesagika, halitakunjika tena. Nikaona povu kwenye rimu. Nilizichomoa zile sabuni kabla watu hawajafika, maana wangejua Mnzuani ametia mkono wake, nyumba zenu zilizobaki zingewaka, na mimi nimeshaziona nyumba zikiwaka, zinanitosha. Nilizifulia shati langu. Sijamwambia mtu, hata yeye. Wewe utajua la kufanya."

Sikujua la kufanya. Nilifanya mizaha. Nilikuwa mtoto mchekeshaji kuliko wote Mutsamudu, waulize.

Sasa nina miaka kumi na saba. Visiwa vimeunganishwa tena, kwa gundi ambayo kila mtu anaiombea dua, nami nimerudishwa Moroni kusoma. Idarusi anatembea akiuzungusha mguu mmoja kama mlango. Tulipokutana tulitaniana kana kwamba hapakuwa na kitu, na Jumapili iliyopita tulikwenda ukumbi wa video kutazama filamu mpya ya baiskeli. Fremu siku hizi nyepesi kama biskuti, breki ni za diski, shokamzoba zinapumua zenyewe. Bado hakuna anayepanda. Mpanda baiskeli mmoja akaanguka, wakamwonyesha mara tatu, polepole. Ukumbi mzima ulipiga kelele. Idarusi aliangalia mara zote tatu bila kupepesa.

Tulipotoka nilimpeleka kwa Fundi Toibu. Baiskeli bado iko pale, fremu imenyooshwa kwa nyundo. Nilitoa zile raba nne nikamwekea Idarusi kiganjani. Zimelika upande wa rimu tu. Alama za kisu cha baba bado zinaonekana. Idarusi alizigeuza moja moja, akaziinua puani.

"Nilipoanguka nilinusa sabuni, Bakari," akasema. "Kichwa kilikuwa kwenye gurudumu. Miaka mitano nimekungoja useme."

"Mbona hukuwaambia kaka zako?"

"Wewe mbona hukuniambia mimi?"

Fundi Toibu alijitia kutafuta spana. Tulizipachika breki sisi wawili, upande mmoja yeye, upande mmoja mimi, na Idarusi akazibana mara kadhaa kusikia zinavyoshika. Kisha alipanda juu ya tandiko, mguu mzima kwenye pedali, ule mwingine ukining'inia umenyooka kama fimbo, akageuza usukani kuelekea juu, barabara ya Karthala. Hakusema amenisamehe, nami sitasema alisema.

"Sukuma," akasema.

Ni mbali. Ni saa nzima ya kupanda, jua la mchana, jasho mpaka kwenye soksi, na hakuna filamu itakayokuonyesha. Niliweka mikono nyuma ya tandiko, nikasukuma.