Kigari Nilichokununulia Ukiwa na Siku Tisa

Ipo siku moja, mwanangu Masele, ambayo nikiikumbuka hata sasa siwezi kutulia kitini. Mama yako ameniambia mkeo amejifungua salama, na kwamba Jumamosi unaingia mjini kununua kigari cha mtoto. Basi kabla hujatoka hapa utanisikiliza. Weka hiyo simu chini. Najua una haraka, na haraka hiyo hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi, maana umeirithi kwangu.

Wewe ulizaliwa Kahama, miaka ya tisini, wakati mimi nashinda ndani ya mashimo ya dhahabu upande wa Geita. Mama yako alijifungua kwa operesheni. Daktari akamkataza kubeba chochote kizito, akamkataza hata kufunga mbeleko, mpaka kidonda kipone. Bibi yako mzaa mama akaja kutoka Mhunze kumuuguza, lakini palizi ilikuwa inamsubiri kwenye pamba yake, na kila asubuhi alikuwa akitaja safari ya kurudi. Nikawa najiuliza, huyu mama akiondoka, nani atambeba mtoto? Nilikuwa natembea uani huku na huku mpaka mama yako akaniambia nikae, namzungusha kichwa.

Wiki ile ile duara letu likatema. Duara ni shimo letu la dhahabu, unajua, na likitema dhahabu mchimbaji hashikiki. Nikasema mwanangu hatabebwa mgongoni na mtu, atasukumwa kwenye kigari kama watoto wa mabwana wakubwa. Nikaoga, nikavaa shati jipya, huyoo, mpaka duka la Mama Jayesh.

Mama Jayesh alikuwa Mhindi, mtu mzima, mzaliwa wa pale pale Kahama. Alikuwa na vigari viwili tu. Kimoja cha kijivu, kikuukuu kidogo kwa kutazama, kirefu, ndani yake bapa kama kitanda. Kingine chekundu, kinang'aa, kiti chake kimeinuka kama kiti cha kinyozi. Akaniuliza, "Mtoto wako ana umri gani?"

"Siku tisa."

Akakivuta kile cha kijivu. "Basi chukua hiki. Analala chali, mgongo umenyooka. Hicho chekundu ni cha mtoto anayekaa mwenyewe. Wako anakaa?"

"Atakaa tu," nikamjibu.

Usicheke. Lazima uelewe sisi wachimbaji tulivyokuwa. Tulikuwa tumepunjwa sana na mizani za wanunuzi, mpaka mtu mwenye duka akikuambia chukua hiki, wewe moja kwa moja unajua hicho ndicho kimemdodea. Tulikuwa tunashauriana kabisa kule machimboni kwamba dukani ukishauriwa kulia, nenda kushoto. Kwa hiyo yule mama alivyozidi kukisifu cha kijivu, ndivyo nilivyozidi kukitaka chekundu. Nikajiona mjanja, tena nikatabasamu.

Nikakipima kwa akili yangu ya machimboni. Nikauliza kama naweza kuweka mfuko wa chumvi juu yake. Nikauweka, nikasukuma, hakikuyumba. Nikaukandamiza mpini, nikapiga teke gurudumu. Chuma safi! Nilikuwa nachagua toroli la kubebea mawe, mwanangu, wala si mahali pa kumlaza kiumbe. Mama Jayesh alinitazama, akatikisa kichwa, akasema, "Basi mfunge vizuri, na usimfunike uso." Hilo la pili sikulitia akilini hata kidogo, nilikuwa nimeshageuka.

Siku mbili baadaye ilikuwa siku yako ya kwenda kliniki kupimwa uzito. Mama yako hakuweza kutembea umbali ule. Bibi yako akajitayarisha, akachukua kanga ili akubebe kifuani. Nikakataa. Nikasema kigari kipo, mimi mwenyewe nitasukuma. Yeye hakubisha. Unajua mila yetu, mama mkwe na mkwewe hawasogeleani wala hawabishani, na mama yule alikuwa mtu wa heshima sana. Hata kunitazama usoni alikuwa hanitazami. Nikitokea, anainamisha kichwa, na neno lake kwangu linapitia kwa mama yako. Kwa hiyo tulipotoka nyumbani, mimi mbele na kigari, yeye nyuma, hatua kama ishirini hivi, kila mtu na njia yake kama watu wasiojuana.

Nilikukalisha pale kitini ukazama. Nikaweka mto nyuma ya kichwa chako ili uonekane vizuri, na ule mto ukakusukuma kichwa mbele zaidi. Vumbi la Kahama unalijua. Malori ya wachimbaji yanapita, wekundu mtupu. Nikachukua kitenge nikafunika kigari chote, mbele mpaka nyuma. Nikaanza safari.

Loo, nilitembea siku ile! Watu wanageuka. Rafiki zangu wawili wa machimboni wakasimama na baiskeli zao. "Mwangaluka, tajiri!" wakanisalimu kwa Kisukuma, "siku hizi unasukuma nini, mtoto au mawe?" Nikacheka nao, nikazidisha mwendo. Mwanzoni ulikuwa unalia kidogo kidogo. Kisha ukanyamaza. Nikasema moyoni, mnaona, kigari kimempendeza, amelala. Nilifurahi kwa kimya kile, mwanangu. Mungu wangu, nilifurahi!

Tumefika karibu na kisima cha msikitini nikasikia miguu inakimbia nyuma yangu. Kabla sijageuka, mkono wa mwanamke ukashika mpini wa kigari, ukaushika pale pale karibu na mkono wangu. Alikuwa mama mkwe wangu.

"Baba Masele, simama!"

Hakuwahi kuniita jina kabla ya siku ile. Akakivuta kile kitenge, akakitupa vumbini. "Mtoto hawezi kunyamaza ghafla hivi," akasema.

Kidevu chako kilikuwa kimegusa kifua. Ulikuwa umejikunja, shingo haionekani, jasho limekulowesha nywele, na midomo yako ilikuwa na rangi ambayo sitaki kuisema. Bibi yako akakutoa, akakulaza kwenye mkono wake mgongo umenyooka, akakuinua kidevu kwa kidole kimoja, akakupulizia usoni, akakusugua nyayo. "Ng'wanawane," akawa anasema, "ng'wanawane, mwanangu, lia. Lia basi." Mimi nilisimama nimeshika kile chuma. Sikujua hata kuomba. Nilikuwa natazama tu tumbo lako kama linapanda.

Ukakohoa. Kisha ukapiga kelele, na mwanamke aliyekuwa anachota maji akapiga vigelegele bila hata kujua kisa.

Hapo ndipo bibi yako aliponitazama machoni, mara ya kwanza na karibu ya mwisho. Alikuwa analia kwa hasira. "Nilikuwa nyuma kwa ajili ya heshima yako," akaniambia. "Heshima yako ingetuzikia mtoto. Ulimwona lini? Tangu nyumbani, umefunua mara ngapi umwangalie?"

Sikuwa nimefunua hata mara moja. Nilimwambia hivyo hivyo, na aibu ile haijanitoka.

Kliniki nesi alikuangalia kwa muda mrefu, akasema unapumua vizuri, akanifokea na yeye. Nyumbani nikamweleza mama yako mwenyewe. Akakuchukua akageukia ukutani, na siku tatu hakunipa nikushike. Niliona ni haki yake, lakini iliniuma sana.

Kesho yake nilikirudisha kile chekundu. Nilijua Mama Jayesh atanicheka mbele ya wateja. Aliponiona aliacha kupima sukari, akauliza jambo moja tu, "Mtoto anapumua vizuri?" Nikainamisha kichwa. Akazunguka meza, akanitolea kile cha kijivu, akanishika mkono akaupitisha ndani yake ili nihisi godoro lilivyo bapa na gumu. Akanifundisha kukanyaga breki, akanisimamisha kwenye ngazi za duka nione kama kinashuka chenyewe. Nilimsikiliza neno kwa neno. Siku zote nilizomdhania mwizi, yeye alikuwa anamfikiria mtoto nisiyemfikiria mimi.

Sasa Jumamosi nenda, mwanangu, na uende na mkeo kama ana nguvu, maana atauliza mambo ambayo wewe hutayakumbuka. Mtoto mchanga alale chali, bapa, bila mto. Usidanganywe na rangi wala kung'aa. Ingiza mkono ndani, bonyeza godoro, lisibonyee likamzamisha. Jaribu breki mahali penye mteremko. Tazama mkanda unafunga, na kile kifuniko chake cha kuzuia jua kipitishe hewa. Muuzaji akikuuliza umri wa mtoto, mjibu, kisha unyamaze umsikilize. Ukiwa njiani, kitambaa kisifike usoni, vumbi na litimke linavyotaka. Na mtoto akinyamaza ghafla, simama. Usifurahi kwanza. Simama umtazame.

Mimi mpaka leo nikikuta kigari kimefunikwa mtaani, miguu inakataa kupita. Nimeshafokewa na akina mama wengi kwa kufunua vitambaa vya watoto wao. Wanasema mzee huyu ana wazimu. Wewe, nikija kwako kumwona mjukuu wangu, nikainama kumwangalia hata mara kumi, niache tu, usinivutie kiti nikae. Na nisamehe kwa siku ile. Miaka yote hii sikuwahi kukuomba msamaha, nilikuwa naona haya.

Mungu ampe mwanao kifua kipana na usingizi wenye pumzi, na wewe akupe macho ya kumtazama kila hatua. Nenda sasa, nisije nikabadili mawazo nikakufuata dukani.