Geti la Mama

Leo fundi anapaka geti langu grisi, na harufu yake imenifikia hadi jikoni.

Mtaa wetu wa Maseno ulikuwa wa nyumba kubwa za watu waliofanya kazi Kisumu. Mchana tulibaki watoto, mbwa na maua. Jioni magari yalirudi, na nikisikia honi ya mama nilikimbia kumfungulia.

"Asante, askari wangu," alikuwa akiniambia. "Mshahara ni chapati."

Alipofariki, alilazwa mochari Kisumu. Barabara ya kumpeleka kijijini kwa baba ilipita mbele ya geti letu. Asubuhi ya safari nilipaka bawaba grisi mpaka vidole vikawa vyeusi, nikalifungua lote.

"Funga, nyathina, mwanangu," nyanya aliniambia, mifuko yetu ya safari ikiwa miguuni pake. "Mama yako hasimami hapa."

"Lakini hapa ni kwake!"

"Hapa ni nyumba ya kulala tu. Dala yake, nyumbani kwake hasa, ni kule alikoolewa."

Gari la maiti lilitokea kwenye kona, taa zikiwaka mchana kweupe, honi ikilia. Nililishikilia geti kwa mikono miwili, lisijifunge.

Baba alikuwa kando ya dereva. Hakugeuka, gari likapita.