Siku Mama Alipokuwa Bibi Yangu

Mwaka huu, siku chache kabla ya Pasaka, niliingia saluni moja Bukoba mjini kusuka nywele. Binti aliyekuwa ananisuka alinitazama kwenye kioo, akaiona mistari iliyoanza kujichora pembeni mwa macho yangu, akafungua kikopo na kunisogezea puani. "Dada, ukipaka hii wiki mbili tu, makunyanzi kwisha." Ilikuwa krimu nyeupe, nzito, yenye harufu ya mawaridi yaliyochanganyika na chuma chenye kutu. Nilimwomba akifunge upesi. Alidhani nimekasirika kuambiwa nimezeeka, akaanza kuniomba radhi, nami nikashindwa kumweleza. Nitawaeleza ninyi, kwa kuwa hamnioni uso.

Kwetu ni Kanazi. Mimi ni kitindamimba katika watoto sita, na baba alifariki kabla sijaanza shule, kwa hiyo kibanja chote, migomba kwa mibuni, kilibaki mikononi mwa Mama. Kwenye msimu wa kahawa aliianika uani juu ya majamvi, akashinda akiigeuza kwa reki kuanzia umande unapokauka hadi jua linapoegemea. Macho yake aliyafinya kutwa kwa sababu ya mwanga, huku akisikiliza kama mvua inakuja kutoka ziwani. Jioni alihamia jikoni, akayafinya tena kwa sababu ya moshi. Hakuwa amefika miaka arobaini na tano, lakini uso wake ulikuwa na mikunjo kwenye paji, mashavuni, na mingi zaidi kuzunguka macho.

Nilikuwa na nadharia yangu kuhusu mikunjo ile. Niliona vidole vyangu vikijikunja nikikaa sana mtoni, nikaamua kwamba Mama ananawa uso mara nyingi mno. Siku moja nilimshauri apunguze. Alicheka mpaka akaketi chini, akaenda kuwasimulia majirani, na kwa muda mrefu kila aliyeniona aliniita daktari.

Nilipofika darasa la tano nilipelekwa shule ya bweni mjini. Shangazi, dada yake baba, alimwonya Mama kwamba mtoto akilelewa na mji atasahau kwao. Mama alijibu kwamba mtoto hasahau titi alilonyonya. Nakumbuka jibu hilo kwa sababu lilichukua muhula mmoja tu kuonekana si kweli.

Bwenini rafiki yangu alikuwa Jenesta. Mama yake alifanya kazi ofisini, alivaa viatu vinavyogonga sakafu, na uso wake ulikuwa laini kama ganda la yai. Nilimtazama mno mama yule. Siku ya kutembelewa ya kwanza, mwezi wa tano, nilikuwa nimeketi nao chini ya ukuta wa bwalo, nikila keki yao, nilipomwona matroni anakuja akitabasamu.

"Koku, una bahati wewe! Bibi yako amekuja."

Ningeweza kusema, "Si bibi, ni mama." Ni maneno machache, na Kiswahili nilikijua vizuri. Lakini nilimwona Jenesta akigeuka kutazama, nikamwona mama yake naye akigeuka, na mdomo wangu ukasema, "Ndiyo, matroni, ni bibi. Asante."

Mama alikuwa nyuma ya matroni, hatua nne hivi, kikapu kichwani. Alikuwa amesikia. Nilijua amesikia kwa sababu alisimama, akashika kikapu kwa mikono miwili kana kwamba kimeongezeka uzito. Kisha akaja, akakishusha.

Jenesta, ambaye alifundishwa adabu, alipiga goti. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu," Mama akajibu.

Mchana ule wote Mama alikuwa bibi yangu. Alifungua senene aliowakaanga mwenyewe, akawagawia Jenesta na mama yake, akasifu shule, akauliza kama tunasali. Mama yake Jenesta alipouliza mama yangu yuko wapi, akasema kwa heshima ya Kihaya, "Yuko shambani, waitu. Kazi zimemshika." Hakukosea hata mara moja. Tulipofika langoni, wenzangu wakiwa wamesimama nasi, alinishika kidevu akasema, "Haya, mjukuu wangu, soma. Mama yako nitamsalimia." Akacheka, nami nikacheka. Nilidhani kama anacheka basi hajaumia, na usiku ule nililala vizuri sana.

Likizo ya mwezi wa sita nilimkuta Mama uani na mgeni, mwanamke aliyekuwa akipita Kanazi kila siku ya gulio na mkoba wa vipodozi. Tulimwita Mama Siwema. Nilikuwa naosha vyombo nyuma ya jiko, nao hawakuniona. Mama Siwema alikuwa anafungua vikopo visivyo na maandishi yoyote, akavinusisha, na ile harufu ya mawaridi na kutu ikanifikia mpaka kwenye beseni langu.

"Hii imetoka mbali," alisema. "Inakunjua uso. Lakini ina masharti: usiende juani, usikae motoni."

"Nisiende juani, kahawa ataigeuza nani?"

"Basi paka usiku, asubuhi unawe. Baada ya miezi mitatu utajishangaa."

"Sina miezi mitatu," Mama akasema. "Watoto wanatembelewa mwezi wa nane mwanzoni. Itakuwa tayari?"

Sahani ikaniponyoka. Sikuhitaji daktari wa kunieleza Mama alikuwa anataka nini kwa uso wake. Ningetoka pale nyuma ya jiko nikasema neno, hadithi hii ingeishia hapo. Niliokota sahani nikaisuuza upya.

Sasa, Mama alikuwa mkulima. Alijua kwamba mgomba ukichelewa unauongezea samadi. Kwa hiyo hakupaka usiku tu, alipaka na asubuhi, akazidisha kipimo, kisha akatoka kwenda kugeuza kahawa. Wiki ya kwanza uso uling'aa, ukajaa, na kweli mikunjo ikafifia. Leo najua ule ulikuwa uvimbe. Shangazi alipita akapiga kelele ya utani kutoka barabarani: "Mjane anajipamba! Tuandae pombe ya rubisi, kuna posa inakuja?" Mama alimjibu kwa utani mzito zaidi, nao wakacheka wote. Hakumwambia shangazi sababu, wala hakumwambia mtu mwingine yeyote.

Wiki ya tatu uso ukawa mwekundu, ngozi ikaanza kubanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa, na chini ya macho kukatoka majimaji. Alijifunga kanga usoni, yakabaki macho tu, akaendelea kugeuza kahawa. Majirani waliambiwa ni nyuki. Ile kanga ilipolowa jasho aliikamua, akaifunga tena.

Alasiri moja mvua ilitukurupusha. Tulikimbia kukunja majamvi, na tulipomaliza alikaa kizingitini, akaifungua kanga taratibu maana ilikuwa imegandia. Akaniambia nilete samli nimpake, kwani mikono yake ilikuwa na uchafu wa kahawa. Nilimpaka kwa vidole viwili. Uso ulikuwa wa moto. Nilipita kwenye paji, nikazunguka macho, mahali pale pale palipokuwa na mikunjo niliyoionea haya, na sasa palikuwa na kidonda. Neno "nisamehe" lilikuwa mdomoni, nawaapia, lilikuwa mdomoni kabisa.

"Inauma?" nikauliza.

"Kidogo," akasema. "Vidole vyako vinapoza. Mikono yako mizuri."

Mwezi wa nane matroni alikuja tena bwenini, safari hii akipaza sauti kwa furaha. "Koku! Leo mama mwenyewe amefika!" Nikatoka mbio. Langoni alisimama mama mdogo Anisia, mdogo wake Mama, fundi cherehani wa Muleba ambaye alishinda kivulini maisha yake yote na hakuwa na mkunjo hata mmoja. Alikuwa na kikapu cha Mama. Jenesta akaja kupiga goti: "Shikamoo, mama," na Anisia akaitikia. Wenzangu walipokwenda, alinivuta kando.

"Dada amesema nisikuaibishe," akaniambia. "Ndiyo maana leo mimi ni mama yako. Umefurahi?"

Ndizi alizozipika Mama kwa mikono yake sikuweza kuzimeza, nikampa Jenesta, naye akasifu mapishi ya mama yangu huku akimtazama Anisia. Tangu siku ile hadi namaliza kidato cha nne, Mama hakukanyaga shuleni kwangu. Sikumwita, naye hakuuliza.

Ndiyo maana nilipotoka saluni, nywele zikiwa nusu zimesukwa, nilipanda gari moja kwa moja hadi Kanazi. Mama sasa ana mvi kichwa kizima. Mashavu yake yana mabaka meusi ambayo hayakuondoka, na ngozi imekuwa nyembamba kiasi kwamba akiinama unaiona mishipa. Wiki iliyofuata nilimleta mjini kwa daktari wa ngozi, kijana mpole, akatueleza kwa Kiswahili chepesi. Mikunjo, alisema, ililetwa na jua, moshi, na kufinya macho miaka na miaka. Mabaka na wembamba ni kazi ya ule mkorogo wa Mama Siwema. Alimwandikia Mama mafuta ya kumkinga na jua na kofia pana, akasema mabaka yanaweza kupungua kidogo, ila ngozi iliyokwisha kukonda hairudi. Mama aliitikia kama mtu anayeelezwa habari za mtoto wa jirani.

Nilichelewa kuelewa siku ile ya bwenini. Nilidhani Mama aliigiza bibi kwa kuwa ni mcheshi, na baadaye nikadhani ni kwa kuwa aliona haya kama mimi. Sasa nami nina binti wa miaka kumi, na najua. Angesema yeye ni mama, mimi ningeonekana mwongo mbele ya watu, pale pale. Alikuwa na muda wa hatua nne kuchagua nani aaibike, akajichagua yeye.

Lakini kabla hatujamwona huyo daktari, tulipita dirisha la kuandikisha. Karani hakuinua macho.

"Mgonjwa ni nani wako? Bibi?"

"Ni mama yangu," nikasema, na nadhani nilipaza sauti, maana watu kwenye benchi waligeuka. "Ni mama yangu mzazi."

Mama alinitazama. Kisha akaegemea dirisha, akamwambia yule karani kwa upole, "Andika upesi, mwanangu, kabla hajabadilisha."

Karani akacheka. Mama naye akacheka, kicheko kile kile cha langoni. Safari hii mimi sikucheka.