Baridi ya Kununua

Sifa na utukufu ni kwa Mungu aliyeiinua Ufipa juu ya nchi za jirani, akaipa ngano, maharage na upepo usiokwisha. Namshukuru kwa yote, na zaidi kwa uvumilivu alionijalia, maana mwaka ule mpwa wangu alipofunga kiyoyozi mjini Sumbawanga niliuhitaji wote.

Soko lilikuwa limefunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi. Aliyeweza kuvusha gunia la mahindi au katoni ya sabuni mpakani pale Kasesya alirudi mheshimiwa. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, alivusha kuliko wengi. Akajenga nyumba ya ghorofa, kisha akamtoa mama yake kijijini Mwazye aje kuishi naye. Dada alikuwa mjane, na kifua chake hakikustahimili tena baridi. Tulifurahi kwamba angepata mahali penye joto pa kuzeekea.

Lakini mpwa wangu alikuwa amewahi kulala katika hoteli moja Dar es Salaam, na alichokiona huko hakikumtoka kichwani. Mashine moja kubwa hukaa nje. Mabomba ya shaba hupita juu ya dari kupeleka gesi kila chumba, na kila chumba hujichukulia ubaridi kadiri kinavyotaka. Akaagiza mtambo wa namna hiyo. Kwa Dar ni jambo la akili. Kwa Sumbawanga mwezi wa saba, ambapo hata mbwa hutafuta jivu la moto alalie, sijui niliite nini.

Fundi aliyekuja nao alikuwa kijana mstaarabu. Tangu siku ya kwanza hakuvua koti. Alimshauri mpwa wangu abadilishe, achukue aina inayotoa joto pia. Mpwa wangu akacheka.

"Mgeni akiingia akasikia joto, atajuaje nimefunga nini? Si atadhani kuna jiko tu?"

Ikafungwa ile ya ubaridi peke yake.

Tabu ilikuwa chumba cha dada. Kilikuwa kando ya ngazi, na bimu ya zege ilishuka humo hata nafasi iliyobaki juu ya dari ingemtosha panya mwembamba. Fundi akaomba kiachwe. Mpwa wangu akakataa, akisema watu watamwona amemnyima mama yake. Basi dari ikateremshwa mpaka ukiinua mkono unaigusa. Mafundi walilala chali juu ya jukwaa la mbao, wakapenyeza mabomba chini ya bimu, na kijana akaonya kwamba bomba la kutolea maji ya kiyoyozi halina mteremko. Mpwa wangu akamjibu kwamba maji yatajua njia.

Maji yalijua. Yalishukia kitandani kwa dada.

Alisogeza kitanda, lakini chumba hakikuwa na pa kusogea. Aliomba jiko la mkaa mlangoni, akanyimwa, eti moshi utaharibu jipsam ya dari. Kila alipozima kile chombo, mtumishi aliamriwa kukiwasha, wasije wageni wakakikuta kimya. Kikohozi kikamrudia, na safari hii kilimkata usemi.

Jumapili moja baada ya misa nilikwenda kumwona. Sebuleni wageni walikuwa wakiisifu nyumba huku mikono wameificha kwapani. Dada nilimkuta nyuma, kwenye kibanda cha kupikia, anaota moto pamoja na dereva na wageni wawili waliokuwa wameaga kwamba wanatoka kupiga simu.

Mpwa wangu akaja kumwita arudi ndani, akilalamika kwamba anamtia aibu. Dada hakuinuka.

"Mwanangu, baridi ninayo tangu nizaliwe, na Mungu hajanidai hata siku moja. Hii ya kununua mpe anayeikosa."

"Mjomba, zungumza naye basi."

Nilizungumza naye. Nikamwambia achukue blanketi lake twende kwangu.

"Mjomba, watu watasemaje?"

"Watasema mama yako amekwenda kwa mdogo wake kuota moto," nikamjibu. "Nao watakuwa wamesema kweli."

Alikaa kwangu miaka mingi, hadi Bwana alipomwita, na kifua kilikuwa kimetulia. Mwanawe alikuja kumsalimia kila Jumapili, na salamu zake zilikuwa ndefu kuliko desturi, viganja vimenyooshwa motoni. Sikumuuliza kitu. Uvumilivu nao una raha zake.

Nawe unayesoma, Mungu akujalie nyumba inayowafaa wanaolala ndani kabla ya wanaoitazama kwa nje, na wazee wako walale pakavu.