Kiti Mlangoni pa Karakana

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, mkwe wangu msimhurumie. Aliyataka mwenyewe.

Nina kinu cha kukamua miwa, karibu na Lubao. Maji ya miwa napika sukari nguru, ndiyo inayotulisha. Mchanga unaokuja na miwa hula meno ya rola zinazoiminya, basi mume wa binti yangu akazichukua karakanani kwake mjini Kakamega. Ana mashine ya leza. Mwale wake unayeyusha unga wa chuma wenye chembe ngumu za kabaidi, unga unashika juu ya meno kama ganda. Chembe hizo ndizo zinazopigana na mchanga.

Rola zilirudi ziking'aa kama kioo. Miwa ya msimu haijafika nusu, meno yakawa butu kama ufizi wangu. Miwa iliyokwisha kukatwa ikalala uani ikichacha.

Kwetu mama hazungumzi na mkwe wake uso kwa uso, wala hawapitani karibu. Nikamtuma binti. Akarudi akiangalia chini.

"Anasema miwa yako ni michafu, mama."

"Miwa gani inameanga hewani?"

"Mama, alizidisha moto. Nilikuwa hapo. Akapitisha mwale polepole ndio ganda ling'ae, apige picha ya kuonyesha wateja. Chembe zikayeyukia ndani ya chuma."

"Na angepunguza?"

"Akipunguza sana, ganda linabanduka. Kuna moto wa katikati. Anaujua."

Anaujua. Hapo ndipo roho yangu iliposimama wima.

Asubuhi nikabebewa kiti mpaka mjini, nikaketi mlangoni pa karakana, katikati kabisa. Mkwe akafika, akaniona, akarudi nyuma ya kibanda cha chai. Hangeweza kunipita.

"Fundi, ingia basi," wateja wakamcheka. "Mama anakungoja."

Mimi nikasuka kikapu changu. Jua likampiga. Nilifurahi, siwadanganyi.

Jioni binti akaja na ujumbe: rola atazirudia, kwa moto wa kiasi, akishamaliza kazi za watu wengine. Lakini mama aende nyumbani, aibu imetosha.

Imetosha? Miwa yangu bado ilikuwa inachacha.

Nikawaambia watu wa nyumba yangu: "Kesho pakieni rola na kiti pamoja. Zangu zikitangulia kuingia, nitasogea. Zisipotangulia, mniletee obusuma, ugali wetu, huko huko mlangoni."