Nani Alitia Chumvi kwa Vitatange?

Usingizi ulinikataa: nani alitia chumvi katika maji ya samaki wa bosi? Alikuwa ameleta vitatange wa aina mbili kutoka Mombasa, wapambe ofisi yetu ya Lodwar. Jana nikifuta kioo cha tangi lao, nilikuwa nimelamba kidole kilicholowa, nikaonja chumvi.

Asubuhi, bosi akiwa hajafika, nilimfokea Ekai, mlinzi wetu aliyewatunza samaki, mbele ya wote. "Umewajazia maji ya kisima cha chumvi!"

"Sijagusa, bosi mdogo."

"Nyamaza!" Nikamwaga yote, nikajaza maji safi ya chupa.

Mchana samaki walikuwa wanaelea. Bosi akamrukia Ekai. "Samaki wa bahari unawapa maji ya kunywa? Mjinga! Toka, usirudi!"

Mjinga mwenye digrii nilikuwa mimi. Ekai alishafika getini. Nikamkimbilia, nikamshika mkono, nikamrudisha kwa bosi.

"Ni mimi, bosi. Nifukuze mimi."