Bia Yangu Nyeusi Nilimsingizia Wifi

Nilikosa mimi, si mwingine. Nacheka huku naandika, lakini aibu iko palepale. Nilimsingizia wifi yangu mbele ya wakwe zake, kisa sufuria ya bia!

Ilikuwa miaka ile ya ruksa ya kuingiza bidhaa, maduka ya Sumbawanga yamefurika vitu ambavyo hatukuwahi kuviona. Mfanyabiashara mmoja akaleta kutoka Zambia makopo ya kimea kizito kama asali, cha kupikia bia nyumbani. Weee! Nikanunua mawili. Watu wa Kabwe, kule ziwani Tanganyika, walikuwa wanakuja kwetu mtaa wa Malangali kumposa wifi, nami nikatangaza mtaa mzima kwamba wageni hawatakunywa pombe ya ulezi. Watakunywa bia ya rangi ya dhahabu, kama ya chupa!

Mama mkwe akaniuliza, "Una hakika, mwanangu?"

"Mama, wewe pumzika tu."

Muuza duka alinielekeza vizuri. "Dada, ukitaka ing'ae, chemsha maji kwanza. Kimea utie mwishoni, tena sufuria umeiepua, ukoroge mpaka kiyeyuke. Kisha irudishe motoni kidogo tu."

Mimi huyo nifundishwe kupika pombe! Mfipa niliyekulia kwenye vyungu, ninayejua kwamba pombe isiyotokota kutwa haijaiva? Nikamimina kimea chote asubuhi, nikachochea kuni, nikaenda zangu kusukwa. Narudi jioni, kimeshika chini, sufuria nzima nyeusi tii! Nikajipa moyo kwamba ikichacha itang'aa. Thubutu!

Siku ya posa, shangazi wa bwana harusi, mama wa maneno makavu, akainua glasi juani.

"Hii ndiyo dhahabu? Mbona kama maji ya masizi? Nani kapika?"

Jamani, ulimi! "Ni wifi, shangazi. Alizidisha moto."

Wifi, ambaye hakugusa hata ukuni mmoja, alikuwa amesimama na sinia mkononi. Akainamisha kichwa, machozi yanamlenga. Mshenga akakohoa. Nikaona posa inavunjika kwa mdomo wangu, nikataka kusema kweli, nikashindwa!

Shangazi akaonja. Akaonja tena. Akamaliza glasi, akanyoosha mkono aongezewe.

"Tamu kama sukari iliyoungua! Binti huyu tunamchukua, na harusini apike hiihii!"

Vigelegele! Nilipiga kuliko wote, moyo unaniuma.

Harusini nikapika mimi tena, nimejificha jikoni, sifa zote kwake. Mpaka leo huko Kabwe wanamwita fundi wa bia. Na hajanisema kwa mtu hata siku moja. Hilo ndilo linaloniumiza.

Ndugu zangu, kimea cha kopo msikitokose kutwa. Na kosa lako libebe mwenyewe, hata kama linanuka moshi!

Wifi, kama unasoma haya, nisamehe sana. Ila waambie watu wa Kabwe ile bia ilikuwa yangu!